Mbwa mkubwa aliyetelekezwa apone kwanza, ndipo atafutiwe mwenyeji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo katika miji yetu ya Moshi na Arusha limezoeleka kiasi kwamba watu hulipita wakiliona na wasilitaje: mbwa wakubwa wa ulinzi wanaoachwa nyuma pale wenye nyumba wanapohama, wanapofariki au wanapoishiwa uwezo wa kuwalisha. Wapo vijana, madaktari wa mifugo na majirani wenye huruma ambao huwatoa mbwa hao katika mabanda walimosahauliwa, na ninawashukuru kwa dhati. Hata hivyo nimeona mara nyingi kazi yao njema ikiharibikia mwishoni, kwa sababu mbwa hupewa mtu wa kwanza anayemtaka, tena wiki ile ile aliyotolewa, akiwa bado mgonjwa na mwenye hofu, na mtu huyo humrudisha katika maisha yale yale chini ya bati jingine. Ninachokiomba ni kwamba mbwa wa namna hii apewe muda wa kupona mwili na akili, na kwamba mtu anayetaka kumchukua achunguzwe kwa makini kuliko anavyochunguzwa mbwa mwenyewe.

Wengi wa mbwa ninaowasema si wale wa kienyeji wanaojitafutia riziki katika mitaa ya Pasua au Majengo. Ni mbwa wa aina ya German Shepherd, Rottweiler, Boerboel wenye asili ya Afrika Kusini, na machotara wao, walionunuliwa wakiwa wadogo kwa fedha nyingi ili kile kibao cha "Mbwa Mkali" kilichopachikwa getini kisiwe cha uongo. Imejengeka imani kwamba mbwa wa ulinzi hapaswi kuzoeana na watu wala kuona mchana, kwa hiyo hufungiwa katika banda la tofali tangu alfajiri hadi usiku, akipelekewa chakula na mtu mmoja tu, mara nyingi mlinzi, ambaye naye humsogelea kwa woga. Imani hiyo inapingana na yanayojulikana kuhusu makuzi ya mbwa. Kuanzia takriban wiki ya 3 hadi ya 14 tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza mambo gani ni ya kawaida katika dunia aliyozaliwa: watoto wanaokimbia, akina mama waliojitanda khanga, bodaboda, mbuzi, adhana na kengele za kanisa. Aliyefungiwa katika kipindi hicho hukua akimhofia kila asiyemjua, na hofu hiyo ndiyo tunayoisifu kwa jina la ukali. Tukumbuke pia kwamba German Shepherd, ambaye aina yake ilianza kuandikishwa rasmi nchini Ujerumani mwaka 1899, alizalishwa ili atembee na mchungaji na kondoo wake kutwa nzima huku akiisikiliza sauti ya mtu. Kumweka mnyama wa namna hiyo peke yake kwa miaka mahali asipoweza hata kujinyoosha vizuri ni kumtesa, hata kama sahani yake haikosi chakula.

Nitatoa mfano mmoja ninaoufahamu kwa karibu. Mbwa dume, chotara wa German Shepherd na Boerboel, alikutwa nyuma ya nyumba ya kupanga maeneo ya Shanty Town hapa Moshi baada ya wapangaji kuondoka. Mlinzi mzee aliyebaki pale hakuwa ameachiwa maagizo wala fedha ya chakula cha mbwa, lakini alikuwa akimmegea ugali wake mwenyewe, na ningependa ijulikane kwamba bila mzee yule mnyama huyo asingekutwa hai. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha hali ya mwili kinachoanzia 1 hadi 9, ambapo mbwa mwenye afya huwa kwenye 4 au 5. Huyu alipewa 1. Mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga vilionekana kwa mbali, kucha zilikuwa zimejikunja hadi kuchoma nyama ya unyayo, viwiko vilikuwa na vidonda sugu vya kulalia saruji tupu, na masikio yalijaa kupe. Mlango ulipofunguliwa hakutoka. Alijikunyata kwenye kona akinguruma huku akijikojolea, na watu wawili waliokuwa wakichungulia ukutani wakasema kwa sauti kwamba mbwa huyo ameshaharibika na dawa yake ni risasi. Vijana wa mtaani walimwita Bosko, na jina hilo likamkaa.

Kosa la kwanza ambalo wenye huruma hulifanya linahusu chakula, na ni kosa linaloua. Mtu akimwona mnyama amekonda namna ile hutamani kumjazia sinia la nyama. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukipokea chakula kingi kwa ghafla, hutoa insulini kwa wingi, na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu huondoka katika damu na kuingia ndani ya seli kwa kasi, hata moyo na misuli ya kupumulia ikashindwa kufanya kazi. Mbwa aliyestahimili njaa ya miezi anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kushiba. Ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo, mara 4 hadi 6 kwa siku, na kiasi huongezwa polepole kwa muda wa wiki moja au zaidi kwa ushauri wa daktari. Bosko alianza na vijiko vya nyama ya kusaga na mayai yaliyochemshwa, ndipo baadaye akaingia kwenye ugali wa dona, dagaa waliooshwa chumvi, utumbo na mapafu. Ugali mtupu, ambao ndio chakula cha mbwa wengi wa ulinzi katika nyumba zetu, hujaza tumbo lakini haurudishi misuli.

Hayo mapafu na maini tunayoyapata kwa bei nafuu machinjioni ni lazima yachemshwe sana. Mara nyingi huwa na malengelenge ya tegu aitwaye Echinococcus, na mbwa akiyala mabichi hubeba minyoo hiyo tumboni, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuweza kumwambukiza binadamu, hasa watoto wanaocheza uani, wakapata uvimbe wa maji katika ini au mapafu unaohitaji upasuaji. Mifupa iliyopikwa nayo ni hatari kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha kali, na vitunguu vya kwenye mchuzi uliobaki huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu liko jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawajalisikia: akila mlo mmoja mkubwa kwa pupa kisha akakimbizwa, tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujisokota. Ukimwona amevimba tumbo, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usingoje asubuhi, kwa sababu asubuhi huenda asiwepo. Hata baada ya kupona, mbwa wa kimo hiki agawiwe chakula chake mara mbili kwa siku na apumzishwe baada ya kula.

Upande wa dawa, naomba wasomaji waache desturi ya kumtibu mbwa kwa kukadiria kwa macho. Katika maduka ya dawa za mifugo mtu huuziwa ivermectin ya ng'ombe na kumchoma mbwa mwenye ukurutu kwa kipimo cha kubahatisha, au hummwagia dawa ya kuogeshea mifugo isiyochanganywa na maji ipasavyo ili kuua kupe. Mbwa aliyekonda huzidiwa na dozi haraka kuliko mwenye mwili, na baadhi ya mbwa wenye damu ya jamii za kuchunga kondoo wana kasoro ya kurithi inayofanya ivermectin iingie kwenye ubongo na kuwaletea kutetemeka, upofu na hata kifo. Mbwa apimwe uzito, apimwe damu kama inawezekana, kwa sababu kupe wa huku kwetu hueneza magonjwa ya damu yanayomfanya azidi kukonda hata akila, kisha apewe dawa ya minyoo na ya kupe kwa kilo zake. Kumhasi ni jambo jema, tena la lazima kwa mbwa atakayegawiwa, lakini lisubiri uzito urudi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haisubiri mbwa anenepe. Daktari ndiye aamue siku, nayo iwe mapema iwezekanavyo, maana historia ya mnyama aliyetelekezwa huwa haijulikani. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kutegemea. Kila anayemhudumia mbwa wa namna hii ajue kwamba akiumwa au kukwaruzwa na meno, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, naye mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya daktari wa mifugo badala ya kuuawa papo hapo. Chanjo ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa unaoweza kuwapata hata wanyamapori, nayo isipuuzwe. Sisi wa kanda hii tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka, kwa kuwa mwaka 1994 ugonjwa huo uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Mhariri, mwili huo, pamoja na gharama zake zote, ndio sehemu rahisi. Nilichojifunza kwa Bosko, na kwa mbwa wengine waliofuata, ni kwamba akili ya mnyama aliyefungiwa hurudi kwa mwendo wake na haikubali kuharakishwa. Wanaofanya kazi hii huwa na kanuni ya makadirio ya siku 3, wiki 3 na miezi 3: katika siku za kwanza mbwa huwa ameduwaa tu, baada ya wiki kadhaa huanza kuelewa ratiba ya nyumba, na huchukua miezi kuanza kuonyesha tabia yake halisi. Ni kipimo cha kukisia, wala si sheria, na mbwa aliyeteseka sana huhitaji zaidi ya hapo. Jambo la maana ni kwamba anayemtazama katika wiki ya kwanza na kutangaza kwamba ni mpole, au kwamba ni mkali, anazungumzia mbwa ambaye bado hajajitokeza.

Katika siku hizo za mwanzo mbwa awekwe mahali tulivu penye kivuli na godoro la magunia, asiogeshwe kwa nguvu, na watoto wa mtaa wasiitwe kuja kumwona. Hali ya hewa nayo iangaliwe: mbwa mwenye manyoya mazito huteseka kwa joto la Moshi kuanzia Desemba hadi Machi, na mbwa aliyekonda hutetemeka usiku wa Julai kule Arusha, mji ulioko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu mmoja au wawili tu wamhudumie, kwa saa zile zile kila siku. Mimi na vijana waliomhudumia Bosko tulikuwa tukiketi ubavu kwa ubavu na banda, tusimkazie macho, tukimrushia vipande vya nyama bila kumwita wala kunyoosha mkono, kisha tukaondoka. Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa vijana, kwa sababu haionekani kama kazi. Siku Bosko alipokuja mwenyewe hadi kwenye wavu na kunusa kiatu cha kijana aliyekuwa akimlisha, yule kijana alishika pumzi kwa furaha na hakujisogeza hata kidogo, na ninaamini utulivu ule ulifanya kazi kubwa kuliko maneno yote tuliyokuwa tumemwambia mbwa yule.

Kuna lugha ya mwili ambayo kila mwenye mbwa mkubwa anapaswa kuijua kabla ya kuijua bei yake. Mbwa anayelamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo pasipo usingizi, anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, anayeficha mkia au kukakamaa mwili mzima, anakuomba umpe nafasi. Usipoielewa, atanguruma. Watu wetu humpiga mbwa anaponguruma, na hapo ndipo hatari inapotengenezwa, kwa sababu mbwa aliyepigwa kwa kutoa onyo hujifunza kuacha onyo na kuuma moja kwa moja. Bosko alinguruma kila mtu aliposogelea sahani yake, jambo la kutarajiwa kwa mnyama aliyewahi kukaa na njaa. Hakuadhibiwa. Kila aliyepita alidondosha kipande bora kuliko kilichokuwa ndani ya sahani na kwenda zake, hadi mbwa akaanza kutazama juu kwa matumaini anaposikia nyayo. Fimbo ilichukua muda mrefu zaidi. Akimwona mtu ameshika rungu, au hata ufagio wa kufagilia uani, alilala chini na kutetemeka, kwa hiyo ufagio uliwekwa mbali, kisha karibu kidogo, daima pamoja na chakula, bila mtu yeyote kuuinua.

Alifundishwa pia kuvaa kifunga mdomo cha kikapu, kile ambacho mbwa anaweza kuhemea na kunywea maji. Majirani wengine walikiona kuwa ni unyanyasaji, lakini mbwa aliyekizoea kwa kuingiza pua mwenyewe kufuata nyama haumii, na kinawawezesha daktari kumgusa na wapita njia kuwa na amani. Hivyo ndivyo alivyoanza kutembezwa alfajiri kwenye barabara za vumbi za upande wa Rau, kabla bodaboda hazijawa nyingi, akiwa na mkanda wa kifuani na kamba imara, maana mbwa anayekaribia kilo 40 akishtuka anaweza kumwangusha mtu mzima.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike barua hii. Habari ziliposambaa kwamba kuna mbwa mkubwa anayegawiwa, waliojitokeza walikuwa wengi. Mmoja alikuja na gari kutoka upande wa Usa River, amejenga, anataka mbwa wa geti. Alimwona Bosko amelala miguuni mwa kijana wetu akakunja uso. "Mama, ndiye huyu? Huyu mmeshamharibu," aliniambia. "Mimi nataka wa kurarua mtu." Nilimjibu kwamba hatutampa, naye akashangaa kwa kweli, kwa sababu alikuwa na banda zuri, mlinzi na fedha za chakula, na kwa hesabu za kawaida huyo ndiye mwenyeji bora. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameletwa na imani ile ile iliyomwangamiza mbwa mara ya kwanza.

Imani hiyo haimlindi hata yeye. Mbwa mkubwa anayeishi na watu hujua sauti za nyumba, hujua nani anapita kila siku na nani anazunguka uzio saa nane za usiku, na hubweka kwa sababu. Yule anayemchukia kila mtu hubweka usiku kucha hadi hakuna anayeamka, na siku mlango wa banda ukisahauliwa humrukia mtoto wa jirani, dada wa kazi au mwenye mali mwenyewe. Askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi humlisha mbwa wake, humsafisha na kumfundisha yeye mwenyewe, na mbwa humtii kwa sababu anamwamini. Sioni kwa nini raia atafute njia iliyo kinyume chake.

Maswali ninayoyauliza anayetaka kuchukua mbwa yametokana na mambo yaliyowahi kuwaponza mbwa wengine. Mchana atakaa wapi? Mbwa uliyekuwa naye kabla ya huyu yuko wapi? Nyumba ni yako au umepanga, na mwenye nyumba anasemaje? Uzio ni wa nini, kwa sababu ua wa mimea ya masale unatosha kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, lakini haumzuii mbwa mwenye nguvu kwenda kwenye mbuzi wa jirani. Huwa nauliza hasa kuhusu Desemba. Familia nyingi za Arusha huenda vijijini kwa sikukuu, na katika wiki hizo mbwa wengi huachwa na gunia la unga na ndoo ya maji ya kukisia. Anayekosa jibu la Desemba hajajiandaa kwa miaka 10 au zaidi ambayo mbwa mwenye afya anaweza kuishi naye.

Majirani nao wahesabiwe. Tunaishi mchanganyiko, na Muislamu ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi ana haki ya kutokuta mbwa wa mtu barazani kwake au kwenye chombo chake cha maji. Nimeona jambo hili likizungumzwa mapema, kwa heshima, na likaisha kwa amani, na shehe mmoja mtaani kwetu ndiye aliyewakumbusha vijana simulizi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tatizo huja pale mwenye mbwa anapojifanya kwamba uzio wake ndio mwisho wa wajibu wake.

Hatimaye Bosko alichukuliwa na wanandoa wa makamo ambao hawakuvutiwa na kimo chake hata kidogo. Mama wa nyumba hiyo, kwa kweli, alimwogopa mwanzoni na akasema hivyo waziwazi. Walikuja kwetu mara nyingi kabla ya kumchukua. Walimtembeza, walimlisha kwa mikono yao, wakaja na msichana anayewasaidia kazi na wajukuu wao ili kila atakayeishi naye afahamike kwake. Tuliwaeleza kila kitu, pamoja na woga wa fimbo na historia ya kulinda sahani, kwa sababu kumficha mpokeaji tabia ya mbwa ili amchukue haraka ni kumweka hatarini yeye na mnyama pia. Tuliandikiana karatasi: cheti cha chanjo kikabidhiwe, mbwa asiuzwe wala kugawiwa kwa mwingine, asifungwe mnyororo, nasi turuhusiwe kumtembelea, wakishindwa kwa sababu yoyote, arudi kwetu bila lawama. Kipengele hicho cha mwisho nakitilia mkazo kuliko vyote. Watu wengi humtelekeza mbwa kwa kuona aibu ya kumrudisha.

Si kila mbwa atafika hapo. Wapo ambao wameshamjeruhi mtu vibaya, au wameugua kiasi ambacho kuwaendeleza ni kuwaongezea maumivu, na kwao daktari wa mifugo anaweza kutoa kifo kisicho na mateso kwa sindano, mbwa akiwa amelazwa usingizi kwanza. Uamuzi huo ni mzito, na unapaswa kufanywa na mtaalamu baada ya kumchunguza mnyama kwa muda wa kutosha. Haupaswi kufanywa na watu wanaochungulia ukutani. Kadhalika, tangazo la kuua kwa risasi au sumu mbwa wote wasio na mwenyewe haliondoi kichaa cha mbwa. Mashirika ya kimataifa ya afya yanaeleza kwamba ugonjwa huo huzuiwa kwa kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na mbwa waliochanjwa wakiuawa pamoja na wengine, kinga hiyo huondoka nao.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumwacha mnyama afe njaa bandani ni kosa, siyo jambo la ndani ya nyumba ya mtu. Naziomba halmashauri za Moshi na Arusha zianze na hatua ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Wakati wa kampeni za chanjo zinazofanyika kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maofisa mifugo waandikishe mbwa wakubwa wa ulinzi pamoja na wenyewe, ili mwenye nyumba akihama awepo wa kuulizwa. Wenye nyumba za kupangisha waandike katika mkataba kwamba mpangaji anaondoka na mbwa wake au anamkabidhi kwa maandishi, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa. Walinzi wa nyumba waelezwe kwamba wanaweza kumwita ofisa mifugo wa kata bila kuogopa kufukuzwa kazi. Wao ndio wanaojua, kabla ya mtu mwingine yeyote, banda lipi limesahauliwa.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako huchapisha matangazo ya mbwa wanaouzwa kwa sifa ya ukali. Ningefurahi kuona katika ukurasa huo huo nafasi ndogo ya bure, hata mara moja kwa mwezi, ambapo kliniki za mifugo za Moshi na Arusha zitatangaza mbwa waliokwisha kutibiwa, kuchanjwa na kuhasiwa, pamoja na maelezo ya kweli ya tabia zao na masharti ya kuwachukua.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu,
Soweto, Moshi